Sura ya Tatu: Ladha ya Sarafu

"Usilambe hicho kidole!"

Koplo aliganda, kidole hewani na ulimi nje, kama mtoto aliyeambiwa aonyeshe koo. Ilikuwa tabia yake ya siku zote. Hafunui karatasi bila kulamba kidole kwanza, na Inspekta alishamsema mpaka akachoka. Lakini safari hii aliyepiga kelele hakuwa Inspekta. Alikuwa Mtunza, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, ambaye tangu waingie alikuwa akiongea chinichini kana kwamba yuko wodini.

"Kuna nini?" Inspekta aliuliza.

"Hizo ni za zamani. Zilipakwa dawa ya wadudu." Mtunza aliusukuma mkono wa Koplo mbali na jalada. "Umeshashika, eti? Sinki lile pale. Sabuni mpaka kwenye viwiko, na usijiguse uso."

Koplo alikwenda bila kubisha, jambo ambalo Inspekta hakuwahi kuliona.

Chumba kilikuwa kirefu na cha baridi. Makabati ya chuma yalipangwa pande zote mbili, na kila kitu kilinuka dawa ya nondo. Ndani ya makabati hayo ilihifadhiwa mimea mikavu, iliyobanwa ikawa bapa na kufungwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na kibandiko chake: jina la mmea, ulichumwa wapi, ulichumwa na nani. Mingine ilichumwa kabla babu wa Inspekta hajazaliwa. Wanafunzi walikuja hapa kujifunza, na watafiti wa dawa walikuja kutafuta mimea ambayo huko porini haionekani tena.

Inspekta aliletwa hapa na kitu kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kipande cha kitambaa chembamba, kimepakwa gundi upande mmoja, na kilikutwa ndani ya chupa ya chai ya fundi saa, katikati ya machicha ya majani. Fundi saa alikuwa ameshazikwa. Kabla ya kufa alitapika damu, mkojo ukakatika, na hospitali ilipopima damu yake ikakuta zebaki. Mkewe hakujua majani aliyapata wapi, kwa sababu mzee alikuwa akificha dawa zake za mitishamba ili asigombezwe. Alikumbuka jambo moja tu. Kabla ya kuanza kutapika, mumewe alilalamika kwamba mdomo wake una ladha kama amelamba sarafu.

Pale mtaani watu walisema presha. Inspekta aliwaacha waseme hivyo. Kama kulikuwa na mtu aliyemuua fundi saa kwa makusudi, alitaka mtu huyo alale usingizi mzuri kwanza.

Alimwonyesha Mtunza kile kipande cha kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hicho ni cha kwetu," Mtunza alisema papo hapo. "Tunabania matawi yasihame kwenye karatasi. Kimetoka wapi?"

"Tuanze na mmea. Daktari anadhani majani ni ya mrejesha."

"Mrejesha?" Mtunza alikunja uso. "Hakuna mrejesha siku hizi. Watu waliuchuna magome mpaka ukaisha. Miguu ikivimba mrejesha, viungo vikiuma mrejesha. Uliobaki ni huu wetu."

Alivaa glavu, akatoa jalada la mrejesha kabatini kwa mikono miwili, likiwa limelala kama sinia la vikombe vilivyojaa, akalifungua juu ya meza.

Karatasi ya juu ilikuwa tupu. Kibandiko kilikuwepo, mwandiko wa wino uliofifia ulikuwepo, na kivuli cha kahawia cha tawi kilikuwa kimejichora kwenye karatasi. Tawi lenyewe halikuwepo. Mtunza aliinua karatasi hiyo akatazama ya chini yake. Nayo tupu. Na iliyofuata. Alipofika katikati ya jalada alivuta kiti akaketi.

"Jamani," alisema. "Wamenimaliza."

Inspekta hakumpa nafasi ya kulia. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza.

"Koplo, njoo. Mikono mgongoni. Unaona nini?"

"Mwizi, Afande."

"Mwizi wa namna gani?"

Koplo aliinama. "Hakuchana. Vitambaa vimekatwa kwa wembe, taratibu. Vibandiko kaviacha."

"Anayetaka kuuza vitu vya kale angebeba kibandiko kwanza. Huyu alitaka mmea. Na chini ya jalada hakuna hata punje ya jani." Alimgeukia Mtunza. "Mtu wa nje akifungua hili jalada, anafanyaje?"

"Anafunua kama kitabu. Vipande vinamwagika kote. Ndiyo maana wageni hatuwaruhusu kushika."

"Basi ni mtu wenu. Kaziinua karatasi zikiwa zimelala, kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Na hizi za mwisho, mbona hakuzigusa?"

Mtunza alitazama. Karatasi za chini kabisa bado zilikuwa na matawi yake, membamba, yenye majani machache.

"Hizo ni za juzijuzi. Za zamani zilikuwa na magome na mizizi, matawi mazito. Haya mabaya katuachia sisi." Inspekta aliona wazo likimfika. "Hebu, Inspekta. Umesema daktari. Daktari gani? Kwa nini daktari anazungumzia mrejesha?"

"Dawa ya wadudu mliyopaka ni ipi?"

"Si sisi. Ni wale wa zamani, waliochuma. Walikuwa wanachovya mmea mzima, ndiyo maana karatasi zina madoa."

"Walichovya kwenye nini, mama?"

"Chumvi ya zebaki," alisema Mtunza, na mkono wake ukapanda mdomoni, ukakumbuka glavu, ukarudi chini.

Kiyoyozi kiliunguruma. Kwenye sinki, Koplo alifungua bomba akaanza kunawa upya.

Inspekta alihesabu kimyakimya karatasi zilizokuwa tupu. Machicha kwenye chupa ya fundi saa yasingejaza kiganja. Kilichotoka kwenye jalada hili kingejaza kikapu.

"Nani hapa anajua kwamba haya majani yana sumu?"

"Kila mtu anajua."

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna haja ya kuambiwa. Imeandikwa mlangoni, kwa rangi nyekundu, na fuvu kubwa juu yake. Hata asiyejua kusoma..." Mtunza aliinua kidole kuelekea kabati.

Wote watatu walitazama mlango. Ulikuwa wa chuma, wa kijivu, safi. Juu yake palikuwa na namba ya kabati tu.

Kidole cha Mtunza kilibaki pale pale.

"Ilikuwa kwenye milango ya mbao," alisema taratibu. "Makabati ya mbao. Tulipoletewa haya ya chuma tukahamisha majalada, na yale mabovu tukagawana mbao. Mimi nilipata rafu za vyombo. Mlinzi alitengeneza kitanda. Mlango mmoja ukabaki kwa... Mungu wangu. Hatukuandika tena. Sote tulikuwa tunajua."

"Na aliyeajiriwa baada ya hapo?"

"Ni mmoja tu. Binti anayepiga picha za karatasi kwa ajili ya kompyuta. Tunamwita Kamera."

"Sasa nisikilize," Inspekta alisema. "Usimtajie mtu neno sumu. Aliyechukua anajua au hajui. Kama anajua, ni muuaji, na nikimshtua atakimbia. Kama hajui, kuna mtu mahali fulani anataka kunywa. Niitie wote wenye ufunguo."

Waliokuja walikuwa wawili, maana hifadhi yenyewe ilikuwa ya watu watatu tu. Mlinzi alikuwa mzee mrefu mwenye koti lililokuwa la mtu mfupi. Kamera alikuwa msichana mwenye nywele zilizosukwa zikafungwa nyuma, na pensili imechomekwa humo.

"Shikamoo, mama," alimwambia Inspekta.

"Marahaba. Kaa hapo. Kuna sampuli zimeibwa. Mzee, toa vilivyo mfukoni."

"Mimi?" Mlinzi aliuliza. "Kila kitu kikipotea, Mlinzi. Hata mvua isiponyesha, Mlinzi kaificha."

Alitoa funguo, kitambaa cha jasho, kichana kisicho na meno. Mwisho akatoa kipakiti kidogo cha karatasi nyeupe, kimekunjwa bapa.

Mtunza alivuta pumzi kwa sauti. Mkono wa Inspekta uliingia kwenye mkoba wake na kugusa kipakiti kingine, kile alichokiokota chini ya godoro la fundi saa. Karatasi ile ile. Umbo lile lile.

"Mzee, humo kuna nini?"

Mlinzi aliangalia pembeni. "Dawa yangu."

"Dawa ya nini?"

"Ya kichwa. Jamani, si lazima tuseme mbele ya watoto."

Koplo alikichukua kwa glavu, akakifungua mbele ya uso wake, kisha akapiga chafya iliyotikisa meza.

"Ugoro, Afande," alisema huku machozi yakimtoka.

"Sasa umefurahi?" Mlinzi alimwuliza. "Umenimalizia."

Kamera alicheka kidogo. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Hivi vipakiti ni vya nini?" Inspekta alimwuliza Mtunza, ingawa jibu alikuwa nalo tayari.

"Jani likidondoka kwenye karatasi hatulitupi. Tunalikunjia kipakiti tunakibandika pembeni. Kila hifadhi ya mimea mikavu inafanya hivyo."

"Vizuri. Kila mmoja anikunjie kimoja."

Aliwagawia karatasi. Mtunza alimaliza kabla Mlinzi hajajua aanzie upande gani. Chake kilikuwa safi, ncha moja imelazwa juu ya nyingine. Cha Mlinzi kilifanana na kitu kilichokaliwa. Kamera alikunja, akakunjua, akakunja tena. Alipokiweka mezani kilifunguka chenyewe.

"Weee," Mtunza alimwambia, "si unakunja kutwa nzima? Leo umepatwa na nini?"

"Mikono inatetemeka tu. Sijazoea polisi."

Inspekta alikisogeza kile cha ugoro karibu, akakirudisha kwenye mikunjo yake ya mwanzo. Kona zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa ndani, moja ndani ya nyingine, kiasi kwamba hata ukikitikisa hakivuji.

"Mzee, hiki ulikunja mwenyewe?"

"Mimi? Nikikunja mwenyewe ugoro wote unaishia kitandani, mke wangu ananifukuza chumbani. Ananikunjia huyu, binti yangu wa hapa kazini." Alimwonyesha Kamera kwa fahari. "Kona zake hata maji hayapiti."

Inspekta alitoa kipakiti cha fundi saa kwenye mkoba akakiweka kando ya kile cha ugoro. Mlinzi alitazama kimoja, akatazama cha pili, kisha akamtazama Kamera, na fahari ikamtoka usoni.

"Binti yangu?"

Kamera alikuwa ameinamisha kichwa. Inspekta alichukua karatasi moja tupu kutoka kwenye jalada la mrejesha, yenye doa la kahawia, akaiweka mbele yake.

"Nishikilie hii."

Mtunza alinyanyuka nusu. Koplo akamshika bega, akamkalisha.

Kamera aliichukua kwa mikono mitupu, kama mtu anayechukua barua. Alitazama kile kivuli cha tawi, midomo ikaanza kumcheza, kisha akainua mkono ule ule kufuta machozi.

Inspekta aliudaka kabla haujafika jichoni.

Sasa alijua. Mtu anayeijua ile karatasi asingejigusa uso hata akiwa anakufa kwa kulia. Na kama binti hakujua, basi dakika zote hizi za kukunja vipakiti Inspekta alikuwa amezitupa.

"Nani anakunywa?" aliuliza.

"Anakunywa nini?"

"Majani uliyochukua. Yana sumu, mwanangu. Yalichovywa kwenye zebaki yasiliwe na wadudu. Fundi saa hakufa kwa presha. Nani anayo yaliyobaki?"

Kamera aliiangusha ile karatasi.

"Mama."

Mengine aliyasema wakiwa wanatembea, Inspekta kamshika mkono, Koplo ametangulia kuwasha gari, Mtunza akiwasindikiza nyuma na chupa ya sabuni ambayo hakuna aliyemwomba. Mama yake alikuwa amevimba miguu. Hospitali walimpa vidonge, vikapunguza, ikavimba tena. Kila siku mama alikuwa anataja mrejesha, mti ambao marehemu bibi aliwanywesha wote walipokuwa wadogo. Halafu siku moja Kamera akafungua jalada ili apige picha, akakuta mti wa mama yake umelala pale, na mizizi yake, haumsaidii mtu.

"Nilijua ni wizi. Sikujua ni..."

"Fundi saa aliupataje?"

"Sijui! Ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Mimi sikumpa. Nilimpa mama tu, kwenye vipakiti."

"Mama amekunywa tangu lini?"

"Bado. Alisema unalowekwa kwanza, siku nyingi, mpaka maji yawe meusi. Asubuhi nikiwa natoka alifunua jagi akasema leo yako tayari."

"Atakusubiri urudi?"

Kamera alimtazama kama vile ameuliza kitu cha ajabu. "Mama? Hajawahi kunisubiri hata kwa chai."

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena. Koplo alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja juu ya honi, na kila gari lilipowazuia Kamera alifungua mlango nusu, kana kwamba angefika mapema kwa miguu.

"Funga mlango," Inspekta alimwambia. "Huwezi kulishinda gari. Piga tena."

Iliita tu.

Mbele ya nyumba ya fundi saa viti vya plastiki bado vilikuwa nje, na wanaume wachache wamekaa wakizungumza. Inspekta alizijua nyumba hizi. Juzi alipita geti kwa geti akiuliza maswali, na kwenye geti la kijani alibisha, akasikia mtu akikohoa ndani, akaona anachelewa kufungua, akaendelea na nyumba nyingine. Kamera alikimbilia geti hilo hilo la kijani.

"Mama! Mama!"

Hakuna aliyejibu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sebuleni simu ilikuwa kwenye kochi, mwanga wake bado haujazimika. Jikoni palikuwa na meza nzito ya mbao iliyopigwa vanishi, na juu yake duara la maji, mahali jagi lilipokuwa limekaa. Jagi halikuwepo. Kando ya sinki kikombe kimoja kilikuwa kimepinduliwa, kinadondosha matone.

Inspekta alikitazama kikombe hicho.

Kamera alikwenda chumbani, akarudi. "Hayupo. Na fimbo yake haipo. Hawezi kutembea mbali, hata sokoni siku hizi namwendea mimi."

Koplo alikuwa amepiga magoti kutazama kama kuna kitu kimemwagika sakafuni. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Afande," alisema. "Njoo uone."

Inspekta alichuchumaa. Upande wa chini wa meza haukupigwa randa. Rangi nyekundu ilikuwa imepasuka pasuka, lakini ilisomeka. Fuvu. Mifupa miwili. Na chini yake, kwa herufi kubwa: SUMU. OSHA MIKONO.

"Hii meza mmeipata wapi?"

"Ni mlango mmoja wa yale makabati ya mbao waliyogawana kazini. Nilipoajiriwa ulikuwa umebaki huo tu. Seremala aliuchukua hapo hapo uani akaniletea meza tayari." Kamera naye alichungulia. Alisoma. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye jokofu. "Tunakula hapa," alisema. "Kila siku tunakula hapa."

Upande wa pili wa ukuta mwanamke alilia, kilio kirefu cha mtu aliyechoka kulia, na sauti nyingine zikambembeleza. Nyamaza, mwenzetu. Kunywa hata kidogo. Utapata nguvu.

Inspekta alikuwa mlangoni kabla maneno hayajaisha.

Alipita katikati ya viti vya plastiki, mzee mmoja akaruka pembeni na chai yake. Alivua kiatu kimoja kizingitini kwa mazoea, akaingia na kingine mguuni. Chumba kilijaa wanawake waliokaa chini. Kwenye godoro alikuwa mjane wa fundi saa, macho yamevimba, kikombe kiko midomoni. Pembeni yake, kwenye kiti pekee kilichokuwemo, alikaa mama mnene mwenye miguu iliyovimba, jagi limepakatwa, mkono wake ukikisaidia kikombe kupanda.

Inspekta alikipiga kikombe kwa kiganja. Kiligonga ukuta. Maji meusi yaliteremka kwenye rangi nyeupe.

Chumba kizima kililipuka.

"Una wazimu wewe?"

"Mfiwa! Unampiga mfiwa?"

"Polisi ndiyo mnaingia na viatu mpaka kwenye godoro?"

"Umemeza?" Inspekta alikuwa amepiga magoti, amemshika mjane mashavu. "Mama, nitazame. Umemeza?"

"Bado," mjane alisema. Alishangaa kuliko alivyoogopa. "Harufu ilinishinda. Nilikuwa nabana pua."

"Mwingine nani amekunywa? Semeni haraka. Hiyo ni sumu."

Kelele zilikatika. Wanawake walitazamana, kila mmoja akitazama midomo ya mwenzake.

"Hakuna," alisema mmoja. "Tulikuwa tunangoja mfiwa aanze."

Inspekta alitoa pumzi. Alikuwa anaanza kunyanyuka alipokumbuka matone ya kikombe jikoni. Alimgeukia mama mwenye jagi, na wakati huo huo Kamera aliingia mbio, akamwona mama yake amekaa salama, akataka kucheka, akaona uso wa Inspekta, akaacha.

"Mama," Inspekta alisema. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Umekunywa?"

"Nimeonja. Siwezi kumpa mfiwa kitu nisichokionja mwenyewe."

"Umeonja kiasi gani?"

"Kikombe. Sasa dawa inaonjwaje, kwa kijiko?" Alisema kwa ukali wa mtu aliyezoea kusikilizwa, lakini ulimi wake ulizunguka ndani ya shavu, ukarudi, kama unatafuta kitu kilichokwama. "Ila imebadilika hii. Aliyokuwa akitupa marehemu mama ilikuwa chungu tu. Hii ni kama nimelamba sarafu."

Mjane aliinua kichwa.

"Na yeye alisema hivyo," alisema. "Maneno hayo hayo."

Mama yake Kamera alimtazama mjane, akalitazama jagi mapajani mwake. Alikuwa mtu mwepesi kuelewa. Inspekta aliona akielewa, na akatamani asingeona.

"Nilimpa mimi," mama alisema. "Alikuja kulalamika vidole vinamuuma, hawezi kushika bisibisi. Nikampa kipakiti. Nikamwambia aloweke kwanza. Yeye hakuwa na subira, akachemsha." Alimgeukia mwanawe. "Wewe, ulisema umeununua kwa mtu."

"Mama, nisamehe."

"Njoo ulichukue jagi hili kwanza. Mikono yangu imekufa ganzi."

Koplo alilichukua yeye. Inspekta alikuwa tayari na simu sikioni, akimweleza daktari: mwanamke, mtu mzima, kikombe kizima, muda si mrefu. Daktari aliongea haraka. Wamlete sasa hivi, wasingoje gari la wagonjwa. Na walete machicha, alitaka kujua sumu ilikuwa kali kiasi gani kabla hajaamua ampe nini.

"Machicha," Inspekta alimwambia Koplo.

Koplo alijipapasa mifuko. Mifuko ya nailoni ya ushahidi ilikuwa imebaki kwenye meza ya hifadhi, kando ya ugoro. "Afande, sina pa kuyaweka. Nikibeba jagi kwenye gari litamwagika lote."

Wanaume waliitwa kutoka nje kumbeba mama. Aliwafokea kwamba anaweza kutembea, akasimama, akajishika tumbo, akakaa tena. Rangi ya midomo yake ilikuwa imebadilika.

Kamera alichomoa pensili kwenye nywele, akaitupa, akachukua karatasi ya kalenda iliyokuwa ukutani kwa fundi saa. Mjane alimwona akiichana na hakumzuia. Koplo alimwaga maji pembeni, akamwekea machicha yaliyokamuliwa katikati ya karatasi kwa ncha ya kijiko. Kamera alikunja. Alikunja haraka, bila kutazama mikono yake, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mama. Ncha juu ya ncha, upande kwa upande, kona ya kwanza ndani, kona ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Alimkabidhi Inspekta kwa mikono miwili.

Ndani ya gari mama alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mwanawe, akiuliza mara kwa mara kama mlango wa nyumba umefungwa. Inspekta alikaa mbele. Alikitoa kipakiti cha fundi saa, akakiweka gotini kando ya kile kipya, na barabara yote kwenda hospitali alikuwa akikitikisa kidogo kile kipya kila baada ya muda, akingoja kivuje.

Hakikuvuja hata tone.